Vigae vya Bombo

Katika wilaya ya Same, kwenye milima ya Upare ya Kusini, kuna mahali paitwapo Bombo. Wengi wa wenyeji wake ni wakulima. Mvua zikikaribia, mtu huchukua jembe lake akaenda kulima, na pengine jembe likizama udongoni hugonga kitu kigumu. Mkulima huinama, akakiokota na kukikung'uta. Si jiwe. Ni kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika zamani. Basi hukitupa kando penye rundo la mawe, akaendelea na kazi yake. Mtoto aliyefuatana naye hukiokota tena, akakirusha mtoni ili aone kitaruka mara ngapi juu ya maji kabla ya kuzama. Jioni wote wawili hurudi nyumbani, wala hapana hata mmoja afikiriye ya kuwa siku ile kimepotea kitu cha thamani.

Hata hivyo kimepotea. Vigae vilivyomo katika udongo wa Bombo ni mashahidi wa habari za kale kuliko habari yoyote inayosimuliwa na wazee wa Upare. Shahidi akiisha kutupwa mtoni, hapana mtu awezaye kumrudisha barazani.

Mwanafunzi wa Bombo akiulizwa habari za Olduvai, hujibu upesi. Akiulizwa habari za magofu ya Kilwa au mifereji ya Engaruka, hujibu pia, kwa maana ameyasoma. Lakini akiulizwa ni nani waliokaa Bombo miaka 1,000 iliyopita, au 1,500, hunyamaza. Hudhani ya kuwa mambo makuu ya historia na elimu yalitukia mahali pengine, na ya kuwa kwao hapana neno la kuandikwa kitabuni. Dhana hiyo si kweli. Jina la Bombo limo katika vitabu vya wataalamu wa mambo ya kale, nao hulitaja mara kwa mara wanapoeleza jinsi ukulima na ufuaji wa chuma vilivyoenea katika Afrika ya Mashariki. Yafaa mtoto wa Bombo ajue jambo hili kabla ya mgeni kumwambia.

Habari zenyewe ni hizi. Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja, jina lake Robert Soper, alikuwa akichunguza makao ya watu wa kale katika Afrika ya Mashariki. Hakutafuta dhahabu wala fedha. Alitafuta vigae, makaa, na mavi ya chuma, yaani taka ibakiyo tanuruni chuma kikiisha kuyeyushwa. Huko Kwale, nyuma ya pwani ya Kenya, alifukua mahali palipokuwa na vyungu vya namna ya peke yake. Midomo ya vyungu hivyo ilitengenezwa kwa uangalifu: mingine imekatwa pembe, mingine imepigwa mifereji myembamba inayozunguka ukingo wote. Hapo ndipo vilipopata jina la vyungu vya Kwale. Kisha vyungu vya namna iyo hiyo vilionekana pia Upare, na mahali pamoja ni hapo Bombo, ambapo katika maandiko ya wataalamu huitwa Bombo Kaburi. Soper alizitoa habari zake mwaka 1967 katika jarida la Azania.

Vigae vya Bombo Kaburi vilikadiriwa kuwa vya karne ya 3 baada ya kuzaliwa kwa Kristo, yaani vina umri wa kama miaka 1,700. Hesabu hiyo yafaa ipimwe ili ukubwa wake ueleweke. Zama hizo Kaisari wa Roma walikuwa bado wakiwatesa Wakristo. Msikiti mkuu wa Kilwa, ambao sehemu yake ya kwanza ilijengwa katika karne ya 11, ulikuwa bado kwa miaka 700 na zaidi. Na tayari katika milima hii palikuwa na mama aliyefinyanga chungu, akakipamba ukingo wake, akakichoma, akakipikia watoto wake chakula. Watu waliotumia vyungu vya namna hii hujulikana kuwa walikuwa wakulima na wafua chuma. Walikaa tangu Kwale mpaka Usambara na Upare, na ndugu za vyungu vyao vimeonekana mbali kusini hata Msumbiji.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: Umri wa chungu hujulikanaje, na hapana mtu aliyeandika tarehe juu yake? Swali hilo ni jema, na jibu lake ni moja katika mambo mazuri ya elimu ya karne ya 20.

Kila mti ulio hai huvuta hewa, na katika hewa mna kaboni. Sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya namna iitwayo kaboni 14, nayo tabia yake ni kupungua yenyewe polepole. Mti ukiwa hai, kile kilichopungua hurudishwa na hewa mpya. Ukiisha kukatwa na kuchomwa makaa, haupati tena. Ile kaboni 14 iliyomo hupungua tu, wala haiongezeki. Kupungua huko kuna mwendo wake usiobadilika. Baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Baada ya miaka 5,730 mingine hubaki nusu ya nusu ile. Kama hapo mwanzo zilikuwapo sehemu 100, baada ya miaka 1,700 zitabaki kama 81. Ni kama mtu aingiaye chumbani akakuta mshumaa uliokwisha kuungua kiasi: akijua urefu wake wa kwanza na mwendo wa kuungua kwake, atajua uliwashwa lini. Aliyeivumbua njia hii pamoja na wenzake ni Mmarekani Willard Libby wa chuo kikuu cha Chicago. Aliitangaza mwaka 1949, na mwaka 1960 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Njia hiyo haitaji mwaka mmoja kamili. Huacha nafasi ya miaka kadhaa mbele na nyuma, na kwa sababu hiyo wataalamu husema tu kwamba vigae hivyo ni vya karne ya 3 hivi. Mtu wa elimu huonekana pia katika hili, kwamba hadai kujua zaidi ya kile alichokipima.

Sasa ndipo penye kiini cha jambo. Kinachopimwa ni makaa. Kigae chenyewe hakipimwi kwa njia hii. Umri wa kigae hujulikana kwa sababu kilikutwa kimelala pamoja na makaa katika tabaka moja la udongo usiofukuliwa na mtu. Chungu kilivunjika, moto ukazimika, udongo ukavifunika vyote viwili, navyo vikalala pamoja miaka 1,700. Mtu akikitoa kigae peke yake, hata akikiosha na kukiweka juu ya meza kwa heshima, amekitenga na mwenziwe. Kigae kilichotengwa hivyo ni kama shahidi aliyeletwa barazani na hapana ajuaye ametoka kijiji gani wala alikuwa wapi siku ya kesi.

Mfano u karibu. Gonja Maore, isiyo mbali na Bombo, vimeonekana pia vyungu vya kale, lakini si vya namna ile ya Kwale. Vimekadiriwa kuwa vya karne ya 9 hivi, na wataalamu huviita vyungu vya Maore. Basi mahali hapa pawili, mtu akifuatisha udongo vizuri, aweza kuona jinsi ufinyanzi ulivyobadilika kwa muda wa miaka 600. Lakini mtoto akikusanya vigae vya Bombo na vya Gonja Maore katika kikapu kimoja, ameyachanganya mambo ambayo wakati uliyatenga. Kipande cha mdomo wa chungu huenda kikatambulika kwa pambo lake. Kipande cha tumbo la chungu, kisicho na pambo lolote, mara nyingi hakitasema kitu tena.

Wako watu wasemao ya kuwa habari za kale wanazijua wazee, na ya kuwa hapana haja ya vigae. Wazee wastahili kusikilizwa kwanza, na Upare una mfano mkubwa wa jambo hilo. Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2018, alikuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika miaka ya 1960 alikwenda kwa wazee wa Upare akiwauliza habari za koo zao na za watawala wao, akalinganisha maneno ya huyu na ya yule, akahesabu vizazi. Mwaka 1969 kitabu chake kilichapwa Nairobi, nacho chaeleza habari za tawala za Wapare tangu mwaka 1500 hivi mpaka mwaka 1900. Humo msomaji hukuta habari za Washana, ukoo wa wafua chuma waliotawala Ugweno, na jinsi Wasuya walivyowaondoa katika utawala. Wengi wa wazee waliomweleza wamekwisha kufa. Kama Kimambo asingaliwauliza na kuandika, maneno yao yangalizikwa pamoja nao. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Na masimulizi ni mali.

Lakini hata kumbukumbu ya wazee ina mpaka wake. Mzee hodari aweza kutaja babu zake vizazi 10, au zaidi. Hawezi kutaja vizazi 60. Hapo maneno yanapokoma, vigae huanza kusema. Navyo vina mpaka wao: kigae hakitaji jina la mtu, wala ukoo, wala hakielezi nani alimshinda nani. Mzee hutaja majina lakini hafiki mbali. Kigae hufika mbali lakini hakitaji majina. Mwenye kutaka kujua habari za Upare awasikilize wote wawili, wala asimtupe mmoja kwa kumpenda mwingine.

Wako pia wasemao ya kuwa mambo hayo yote ni ya giza la zamani, na ya kuwa shule imekuja ili watoto wayasahau. Maneno hayo hayapatani na Maandiko yenyewe. Israeli walipokwisha kuvuka Yordani, Yoshua alisimamisha mawe 12 huko Gilgali, ili watoto watakapouliza maana ya mawe yale, baba zao wawaeleze. Hayapatani pia na matendo ya wamisionari wa kwanza wa Upare. Mmisionari Mjerumani Ernst Kotz hakuwaambia Wapare waiache lugha yao. Alikaa akajifunza Chasu, na mwaka 1909 kitabu chake cha sarufi ya lugha hiyo kikachapwa Berlin. Mtu ajifunzaye mambo ya kale halazimiki kuyafuata yote. Hujifunza ili ajue alikotoka, na ili asidanganywe na mtu yeyote amwambiaye ya kuwa kwao hapakuwa na watu wenye akili kabla ya wageni kufika.

Lililo na nguvu zaidi ni neno la mkulima. Yeye husema: Shamba ni langu, na watoto wangu hawali vigae. Je, niache kulima kwa ajili ya chungu cha mtu aliyekufa zamani? Neno hili ni la haki, na lijibiwe kwa haki. Hapana mtu mwenye akili awezaye kumwambia mkulima wa Upare aache kulima, na milima ile ina watu wengi na mashamba madogo. Hata wenye vyungu vile walikuwa wakulima kama yeye. Linalotakiwa kwake ni dogo. Jembe likigonga kigae kimoja kimoja, aendelee na kazi, ila akumbuke ni wapi. Likigonga mahali penye vigae vingi pamoja na makaa au mavi ya chuma, na hasa kama anachimba msingi wa nyumba au shimo refu, asimame kidogo, amwambie mwalimu au mwenyekiti wa kijiji, ili habari ifike kwa wenye kazi hiyo. Kusimama siku chache hakuleti njaa.

Wanaoharibu zaidi si wakulima. Ni wale wachimbao kwa tamaa. Katika sehemu nyingi za Tanzania watu wamesikia ya kuwa Wajerumani walifukia mali walipokimbia wakati wa vita vya mwaka 1914 mpaka 1918, nao huchimbua penye mawe ya ajabu, penye makaburi na penye mahame ya kale, mara nyingi usiku. Hutoka na mikono mitupu, na nyuma yao huacha shimo ambalo matabaka yake yamechanganyika, wala mtaalamu hawezi tena kuyasoma. Wametafuta mali isiyokuwapo, wakaiharibu ile iliyokuwapo. Sheria nayo haiwaruhusu. Tangu mwaka 1964 Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale, nayo hulinda vitu vilivyofanyizwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, na kukataza kufukua mahali pa kale bila ruhusa. Kigae cha Bombo Kaburi kiliutangulia mwaka huo kwa miaka 1,500 na zaidi.

Pengine mwanafunzi atasema: Mimi ni mtoto wa shule ya kijijini, sina chombo wala elimu ya kazi hiyo. Na aisikie habari ya Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyefariki mwaka 2022. Mkamba huyo alianza kwa kazi ya kibarua wa kuchimba katika msafara wa akina Leakey. Hakupita chuo kikuu. Alichokuwa nacho ni macho na subira. Alijifunza kutembea polepole juani, akitazama chini, mpaka akaweza kutofautisha mfupa na jiwe la rangi ile ile. Mwaka 1964, huko Peninj karibu na ziwa Natron katika Tanzania, aliona taya la kiumbe wa kale sana wa jamii ya watu. Mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi ya ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu, kama ukubwa wa kibiriti, kimelala katikati ya kokoto.

Hapo ndipo penye fundisho. Kama Kamoya angalikitia mfukoni na kwenda zake, angalikuwa na kipande cha mfupa tu. Yeye alikumbuka mahali pake, akawaita wenzake, nao wakafukua kwa utaratibu. Wakapata karibu mifupa yote ya mvulana mmoja aliyeishi miaka milioni moja na nusu iliyopita. Jina la Kamoya likajulikana katika nchi nyingi, na watu wenye shahada kubwa wakamheshimu. Alijua jambo ambalo mtoto yeyote wa Bombo aweza kulijua leo: kitu cha kale huwa na thamani mara nyingi zaidi pale kilipolala kuliko mkononi mwa aliyekiokota.

Basi mwanafunzi afanye nini akiona kigae? Akitazame vizuri. Kama kina ukingo, aangalie ukingo ule umekatwa namna gani, na kama una mifereji au alama zozote. Achore picha yake katika daftari. Aandike ni shamba gani, karibu na mti gani au jiwe gani, na kama kilikuwa juu ya udongo au ndani, na kwa kina cha shubiri ngapi. Asichimbe ili atafute vingine. Akirudishe palepale, kisha ampe mwalimu habari. Na jioni, akirudi nyumbani, amwulize bibi yake jinsi vyungu vilivyofinyangwa alipokuwa msichana, udongo ulitoka wapi, na kazi ile ilikuwa ya nani. Majibu hayo nayo ayaandike, pamoja na jina la aliyeyasema na tarehe. Daftari la namna hiyo halina gharama, na baada ya miaka 50 laweza kuwa kitabu.

Waswahili husema, Usitupe mbachao kwa msala upitao. Si vibaya mtoto wa Bombo kujua habari za Roma, za Kilwa na za Olduvai. Na azijue zaidi. Lakini amejifunza nusu tu akizijua hizo, huku akirusha mtoni kazi ya mikono ya mama aliyepika chakula katika mlima ule ule miaka 1,700 iliyopita. Chungu cha mama yule kilivunjika siku moja, na udongo wa Bombo ukakitunza muda huo wote. Na vipande vyake vilivyobaki sasa viko chini ya majembe ya watoto wa Bombo.